Neno Lije na Mtu Wake

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Bwana Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, uliyetoka Kwale mjini asubuhi na mapema kwa ajili yetu, Chifu wetu, Imamu wetu uliyetufungulia kwa dua, Mwalimu wetu Nassir, wazee wangu wa Munje, wa kike na wa kiume, ndugu wageni mliotoka Bongwe na Msambweni, wahitimu wenzangu. Assalamu alaykum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kuna mmoja bado sijamtaja, kwa sababu jina lake halimo kwenye karatasi ya ratiba. Amesimama pale barazani, nje ya dirisha la pili. Mwanangu alianza kulia wakati wa dua, naye akamchukua kabla mimi sijageuza shingo kumtafuta wa kunisaidia. Bi Mbodze, shikamoo. Lakini nakuomba, usiniitikie bado. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama mimi ni mtu wa kupewa marahaba yako.

Wageni waalikwa, naitwa Twaiba Salimu, mke wa Issa, mama yake Abdulbasit. Shule niliiacha darasa la sita. Nimesimama hapa mbele yenu kwa sababu moja tu: katika darasa letu ni desturi kwamba meza iliyoshinda mchezo wa vipande, nahodha wake ndiye anayesema siku ya mahafali. Mwalimu alinisaidia kuandaa hotuba, kurasa mbili, tamu kweli, zina shukrani kwa kila mtu mpaka aliyetuazima viti. Hotuba ile nimeiacha nyumbani juu ya kabati. Mwalimu, uniwie radhi. Hii niliyoishika nimeiandika peke yangu. Makosa ya mwandiko yaliyomo ni yangu, na kosa kubwa kuliko yote ndilo nililokuja kulisoma.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wengine wenu mtakuwa hamuujui. Mwalimu Nassir alipoona sisi watu wazima tunasinzia kwenye madawati saa tisa za mchana, na nani asiyesinzia baada ya kulima, kupika na kufua, alichukua vifuu vya nazi, akavikata vipande vidogo, akavisugua mpaka vikalainika, akachoma herufi kwa msumari wa moto. Kila herufi na alama zake. Unatia mkono mfukoni, unatoa vipande saba, unapanga neno mezani, na mwenzako anapanga lake ligusane na lako. Darasa likagawanywa mara mbili kwa kura: meza ya dirishani na meza ya mlangoni. Mimi nikaangukia dirishani. Bi Mbodze akaangukia mlangoni.

Wiki ya kwanza tu tukagombana. Mtu wa kutoka Mombasa aliweka neno lake, mtu wa Vanga akaweka lake, kamusi ikafunguliwa, yote mawili hayamo. Huyu anasema kwetu linaandikwa hivi, yule anasema kwetu hivi. Mwenzangu Sanga, mnamwona pale anajifanya anatazama simu, akasimama akasema, "Hebu tusidanganyane jamani! Kila mtu akileta la kwao, tutacheza mpaka Idi kubwa na mshindi hatapatikana. Kama haliko kwa kitabu, litoke!"

Ukweli ni kwamba Sanga hakukosea kitu. Mchezo usiokuwa na mpaka si mchezo. Mtu angeweza kubandika herufi zozote alizobakiwa nazo akatuambia ndivyo wanavyosema kwa mjomba wake. Na mtihani wa serikali, Bwana Afisa ni shahidi, hauulizi mjomba wako anasemaje. Mwalimu akakuna kichwa. Akasema kamusi ni ya wote, lakini walioiandika hawakufika kila jiko la pwani hii.

Aliyetupatanisha ni Bi Mbodze. Wakati huo alikuwa hajui hata kuandika jina lake bila kuegemea mstari. Alikuwa amekaa karibu na mlango, anakunja leso yake, akasema taratibu kama mtu anayesema na nafsi yake, "Ukilileta la kwenu mezani, lije na mtu wake."

Sanga akamuuliza, "Mtu wake yupi, mama?"

"Mtu aliyelelewa nalo. Asimame, aseme. Na asitoke meza yako, maana wa meza yako atakupendelea. Atoke meza ya pili."

Darasa zima tulicheka kwa raha, kwa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi na sisi hatukuliona. Tangu siku ile ikawa sheria. Neno likikosekana kwenye kamusi, mchezaji anaita shahidi mmoja kutoka meza ya wapinzani. Mwalimu anamuuliza, "Umelelewa nalo?" Akijibu, "Nimelelewa nalo," neno linahesabiwa. Akijibu, "Silijui," neno linaanguka, na aliyeliweka anakaa nje zamu mbili kwa kutunga. Wala hakuna rufaa, kwa kuwa hakuna kitabu cha kumsuta shahidi. Kuna yeye na ulimi wake na Mola wake.

Miaka miwili tulicheza hivyo. Nakumbuka Sanga mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, aliitwa kuwa shahidi wa neno la watu wa meza ya mlangoni, neno la kwao huko bara. Tungeshinda siku ile kama angelikana. Alivuta pumzi, akatutazama sisi wenzake, akasema, "Ah! Nimelelewa nalo, sasa nifanyeje?" Tukashindwa. Tulimtukana njia nzima, naye anacheka. Sanga, nilikucheka na mimi. Leo ndiyo najua ulinishinda utu.

Sasa niwaambie Bi Mbodze ni nani kwangu, ili mpate kulipima kosa langu sawasawa.

Mamangu mzazi alitangulia mbele ya haki nikiwa na ujauzito wa miezi mitano. Uchungu ulipoanza, Issa alikuwa baharini, na aliyenifikisha Msambweni hospitalini ni huyu Bi Mbodze, jirani, ambaye hatuna damu moja. Tulipofika pale, mimi sioni mbele kwa maumivu, yeye akasimama katikati ya ukumbi akawa anatazama vibao vilivyoandikwa juu ya milango. Nikamsikia anasema, "Wa. Za. Zi. Twaiba, ni huku! Ni huku mwanangu, imeandikwa!" Lilikuwa neno la kwanza katika maisha yake kulisoma mahali pasipo na Mwalimu. Mimi naingia kuzaa, naye analia kwa furaha ya kusoma. Muuguzi hakujua amhudumie nani kwanza.

Tuliporudi nyumbani, muuguzi alikuwa ametuagiza kitovu cha mtoto kisipakwe kitu chochote, kiwe safi, kiwe kikavu. Bi Mbodze alilishika agizo lile kuliko mimi. Kila asubuhi nilimsikia anabisha mlangoni, ananawa mikono mpaka viwiko, anaingia akimtania mtoto kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume: "Haya, mume wangu huyu amelalaje? Hebu nimtazame chitovu chake."

Chitovu. Wageni mnaotoka mbali, huku kwetu ndivyo tunavyosema. Pale wenzetu wanapotia ki, sisi tunatia chi. Chiti, chikapu, chitanda. Waswahili wa Munje tunasema hivyo na Wadigo majirani zetu wanasema hivyo, na hatujui nani alimfundisha mwenzake. Siku ya nane kilianguka. Bi Mbodze akakifunga kwenye kipande cha leso, tukatoka sisi wawili nyuma ya jiko, akachimba, mimi nikakiweka kwa mkono wangu, tukapanda mche wa mnazi juu yake kama ilivyo ada yetu. Akanitaka niseme mimi, kwa kuwa mamangu hayupo wa kunisemea. Nikasema, "Hapa ndipo pana chitovu cha mwanangu." Akajibu, "Basi huyu ana pa kurudi."

Neno lile lilitoka kinywani mwangu, jamani. Kwa sauti yangu. Miezi mitano baadaye niliulizwa kama nalijua.

Siku ya fainali wengi wenu mlikuwapo hapa hapa. Wageni walikuja kutoka Kwale, na mmoja wao alisema, kabla hatujaanza, kwamba mwaka ujao darasa la Bongwe litahitaji msaidizi wa mwalimu, na kwamba leo watasikiliza ni nani kati yetu Kiswahili chake kimenyooka. Maneno yale yaliniingia. Nilijiona nimevaa buibui jipya, nimeshika chaki, watu wananiita Mwalimu Twaiba. Nilitamani sana, wala sioni haya kwa kutamani. Mwenye darasa la sita na mtoto mgongoni akitamani kitu kama hicho, kosa lake li wapi? Kosa linakuja baadaye.

Meza yetu ilikuwa mbele. Mfuko umekwisha, vipande vimebaki vya mikononi tu. Bi Mbodze alikuwa ameishika C tangu mwanzo wa mchezo. Wanaocheza wanajua, C katika Kiswahili ni mzigo. Bila H haikufai kitu. Alipopata H yake, nilimwona anatabasamu peke yake. Akaanza kupanga. Kipande kimoja, kingine, kwa kidole kilichopinda kwa kushona makuti. Vyote saba. CHITOVU. Alama zake, pamoja na nyongeza ya kumaliza vipande vyote mkononi, zingetupita sisi tukabaki tunaangaliana.

Sanga akaruka. "Mwalimu! Hiyo ni Kidigo, si Kiswahili! Kitovu ni kwa K!"

Kamusi ikafunguliwa. Halimo. Mwalimu akasema, "Bi Mbodze, una shahidi?"

Hakutazama huku na huku. Hakufikiri. Alisema, "Shahidi wangu ni Twaiba," kisha akarudi kuegemea kiti chake kama mtu aliyeweka chungu mahali salama.

Waheshimiwa, hapa lazima nirudi nyuma kidogo, na nisifikiriwe natafuta kisingizio. Kabla sijaolewa nilifanya kazi ya kukunja mashuka kwenye dobi la hoteli moja kule Diani. Siku ya kwanza nilisema, "Nipe chikapu hicho." Wakacheka wote. Kufikia jioni nilikuwa na jina: Chichi. Chichi leta mashuka, Chichi njoo ule, mpaka walinzi wa getini wakaniita Chichi. Miezi minane. Nilichofanya ni kujifunza kuimeza chi kila ilipokuja mdomoni, mpaka nikawa nasema kama mtangazaji wa redio, na nikirudi nyumbani mamangu ananiuliza, "Mbona wasema na mimi kama mgeni?" Aliyenibandika jina lile alikuwa anapiga pasi meza ya tatu kutoka yangu. Ndiye huyu Sanga. Alilitoa kwa mzaha na sina kinyongo naye, tumekuwa kama ndugu. Lakini siku ya fainali, Bi Mbodze alipolitaja jina langu, Sanga aligeuka akanitazama, akatabasamu, na midomo yake ikaanza kujikunja kama inayotaka kusema Chich... Na wageni wale wa Kwale walikuwa wamekaa nyuma yake, kalamu mkononi.

Mwalimu akaniuliza, "Twaiba, umelelewa nalo?"

Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Alikuwa ameivuta fulana yake juu kama wanavyofanya watoto, na tumbo liko wazi. Niliishusha ile fulana. Wallahi naikumbuka, niliishusha nikamfunika. Ndipo nikasema, "Silijui."

Nikaongeza. Hakuna aliyeniomba niongeze. Nikasema, "Huenda Bi Mbodze amelitunga."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu akasema neno limeanguka, zamu mbili nje. Tukashinda kwa alama kumi na moja. Na Bi Mbodze, ambaye angeweza kusimama akaniumbua mbele ya watu wote kwa kusema tu, "Twaiba, nyuma ya jiko lako tulisemaje?", hakusema hivyo. Aliviokota vipande vyake kimoja kimoja, akavigeuza kifudifudi mezani, herufi chini, akavirudisha mfukoni. Akanitazama. Akasema, "Basi mwanangu, huenda nimelota."

Mnakumbuka mlivyocheka? Siwalaumu. Mlicheka kwa kuwa mliniamini.

Zawadi yangu ndiyo hii kamusi. Wenzangu wa dirishani kila mmoja alipewa chupa ya chai. Nilipiga picha na wageni, na ile picha ninayo, na mtoto kwenye picha anatazama upande mwingine, upande wa mlango, alikokuwa anatokea Bi Mbodze akijifunga leso.

Wiki iliyofuata hakuja darasani. Wala iliyofuata. Aliwaambia watu macho yanamsumbua. Wiki ya tatu tukafanya mtihani, na kiti chake kitupu. Mwanamke aliyeanza kujifunza a, e, i ana wajukuu sita, aliyekuwa anakuja na mikono inanuka moshi wa nazi, asiyekosa siku hata ya mvua ya masika: amekosa cheti kwa ajili ya neno moja langu. Lakini asubuhi ya pili tu baada ya fainali, nani alibisha mlangoni kwangu? Yeye. Akanawa mikono, akamchukua mtoto, akamwogesha. Isipokuwa hakusema tena "mume wangu". Wala lile neno jingine hakulisema tena. Alisema, "Mtoto amelalaje?" vizuri kabisa, kama wanavyosema redioni.

Hapo ndipo nilipoijua aibu. Ningetamani angenifokea.

Nilimwambia Issa. Akasema, "Si mchezo tu huo?" Nikajaribu kuamini. Kisha siku moja nimekwenda kisimani nikakuta watoto wanaimba, Bi Mtunga-maneno, Bi Mtunga-maneno. Nikajaza ndoo yangu, nikarudi nyumbani. Siku nyingine lori lilikuja kuchukua makuti ya hoteli. Mnajua nyote, makuti ya Bi Mbodze hayahesabiwi. Akisema mia ni mia, miaka yote ndivyo ilivyokuwa. Yule mnunuzi, kijana wa papa hapa, akayashusha akaanza kuyahesabu upya, moja moja, huku anacheka: "Tusije tukakuta mengine umeyatunga, mama." Yeye alikaa juu ya kizingiti chake akasubiri. Ilichukua muda. Yalikuwa mia kamili. Mimi nilikuwa uani kwangu naanika nguo, nasikia kila kitu, na mdomo wangu umejaa vibanio.

Wiki tisa, ndugu zangu. Nimemwamkia kila asubuhi kwa wiki tisa na sikumwambia.

Sasa niseme na Mwalimu kuhusu ile hoja yenyewe, kwa maana najua baada ya leo wengine watasema, mnaona, ushahidi hauaminiki, tubaki na kamusi peke yake. Mwalimu, naona umevua miwani. Naomba usiifute ile sheria kwa sababu yangu. Je, kamusi ingeniokoa mimi na uongo? Ingenificha tu. Ningekaa nyuma yake nikasema halimo, nikaonekana msomi. Sheria ya Bi Mbodze haikuwa na ubovu, mbovu nilikuwa mimi.

Hapa ningependa wanaofikiri kama Sanga wanisaidie kufikiri. Neno la kuandikia mtihani lipo, lijulikane, tulifundishwe, na atakayekuwa mwalimu Bongwe alifundishe bila kuona haya. Sisi tunataka watoto wetu wasome barua ya serikali na waiandike. Lakini mezani, mchana, watu wazima wamekaa na vipande vya vifuu, neno ambalo kijiji kizima kinaamka nalo asubuhi liambiwe halipo? Na yule aliyelisema maisha yake yote aambiwe amelitunga? Mtu huyo kesho atakuja kusoma kwa moyo gani? Tukifanya hivyo tutabaki na darasa la watu wanaomeza maneno yao kabla ya kuingia mlangoni. Nawajua watu hao. Mmoja wao mnamtazama.

Nilichofikiria mimi, kwa akili yangu ya darasa la sita, ni tuweke daftari. Neno lenye shahidi liandikwe humo, na kijiji chake, na jina la aliyelishuhudia, na pembeni yake namna linavyoandikwa kwenye kamusi, ili anayejifunza asipotee. Hata ya Sanga ya kwao bara yaandikwe. Ndiyo Sanga, hata yako. Usicheke, nasema kweli.

Bwana Afisa, naomba na jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi kwangu. Mwalimu ametuambia orodha ya wahitimu haitafungwa mpaka mwisho wa mwezi huu. Bi Mbodze hakuanguka mtihani. Hakuufanya. Kama kuna mlango wowote uliobaki wazi, hata kama ni wa kuingia kwa ubavu, apewe karatasi, akae, afanye. Macho yake ni mazima. Nimemwona akitia uzi kwenye sindano. Na kama sheria inasema nafasi ni moja na haiongezwi, basi ya kwangu isubiri mwaka ujao, nirudi darasani nikae naye.

Kuhusu ule usaidizi wa Bongwe, sitauomba. Bado nautamani, nisiwadanganye. Nina tumaini kwamba siku moja nitakuwa mtu wa kuaminiwa kufundisha wenzake. Ila leo mtafuteni mwingine.

Wenzangu wa meza ya dirishani, nimewanyima ushindi, najua. Ushindi ule ni wa meza ya mlangoni na leo naurudisha. Sanga, usinikodolee macho. Chupa yako ya chai ulishaivunja mwezi uliopita, hiyo hatuidai. Kamusi hii naiweka hapa juu ya meza ya Mwalimu. Ukurasa wa kwanza walikuwa wameandika jina langu kwa wino. Sikulifuta, nimeandika chini yake jina la mwenyewe.

Sasa, Mwalimu Nassir, nina ombi la mwisho na sitakuchelewesha. Naomba uniulize tena. Nimesimama mahali pale pale, watu ni wale wale, wageni ni wale wale wa Kwale. Kama huwezi kusema kwa sasa, basi hewala, najiuliza mwenyewe.

Twaiba binti Salimu, neno chitovu, umelelewa nalo?

Nimelelewa nalo. Mamangu aliniogesha nalo. Mwanangu ameogeshwa nalo na mwanamke aliye nje ya dirisha lile, na nyuma ya jiko langu kuna mche una majani matatu sasa, unaoujua ukweli huu kuliko mimi nilivyoukubali. Bi Mbodze hakutunga, wala hakulota. Nilikuwapo.

Bi Mbodze, uliwahi kutuambia neno lije na mtu wake. Huyu hapa mtu wake. Amechelewa wiki tisa, na njiani amekuvunjia heshima, ila amefika.

Mheshimiwa, Bwana Afisa, wazee wangu, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa; mngeweza kuninyamazisha tangu mwanzo na msingekuwa mmenidhulumu. Naomba ruhusa nishuke. Natoka hapa naenda barazani kumchukua mwanangu, na nikifika kwa aliyembeba nitamwamkia upya, shikamoo, mbele yenu nyote. Akiitikia, nitamshukuru Mungu. Asipoitikia, nawaomba mtu yeyote asimshurutishe. Kesho asubuhi nitamwamkia tena.